Jalada linalala wapi? Barua ya wazi kuhusu Dodoma na Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa mnaoratibu shughuli za Serikali makao makuu,
Makatibu Wakuu wa Wizara zote,
na wakuu wa taasisi mlioweka mguu mmoja Dodoma na mwingine Dar es Salaam.

Kumb. Na.: sina, nimestaafu.

YAH: OMBI LA KUJUA SHAURI LA MWANANCHI LINAISHIA MJI GANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni karani wa masjala. Nimekaa masjala miaka 31. 26 ya kwanza Dar es Salaam, iliyobaki hapa Dodoma, nikastaafu 2021. Kwa asiyeijua masjala, ni kile chumba cha nyuma chenye dirisha dogo. Barua yako inapokelewa pale, inagongwa mhuri wa tarehe, inapewa namba ya folio, yaani ya ukurasa wake jaladani, inafungwa kwenye jalada, halafu inapanda kwa wakubwa na kushuka na dokezo, yaani maoni yao ya maandishi. Waziri anabadilika, Katibu Mkuu anahamishwa, jalada linabaki. Ndiyo maana mtu wa masjala ukimuuliza mji mkuu wa nchi ni upi hataangalia bendera inapopepea. Atakuuliza: jalada linalala wapi?

Swali hilo nimelibeba tangu Machi 2017, mwezi tuliohama.

Tulifungasha wiki tatu. Katoni za karatasi za A4 ndizo zilikuwa masanduku yetu, kwa hiyo mwezi ule hakuna aliyethubutu kutupa katoni. Kila moja tuliifunga kwa kamba ya katani, tukaiandika ubavuni kwa maka peni: namba ya kuanzia, namba ya kuishia. Maelekezo yalikuwa tubebe majalada yanayofanya kazi, yaani yaliyoguswa miaka ya karibuni. Yaliyolala yangebaki stoo Dar es Salaam mpaka utaratibu mwingine. Nikamuuliza mkuu wangu: mwalimu aliyeko kijijini, hana kesi, hana uhamisho, jalada lake limelala miaka kumi kwa sababu yeye ni mtu wa amani, siku akistaafu si litaamka? Akacheka. "Likiamka tutalifuata."

Fuso ikaondoka alfajiri, sisi tukafuata na basi. Dodoma tulifikia majengo ya Chuo Kikuu, kama wizara nyingine kadhaa wakati ule. Masjala yetu ilikuwa darasa. Ubaoni kulikuwa na hesabu ya mwanafunzi aliyeiacha katikati, nasi hatukuifuta wiki nzima, kila anayepita akijaribu kuimalizia. Pedi za mhuri zilikauka ndani ya siku mbili kwa upepo wa huku. Nikajifunza kuzifunika kwa kitambaa kibichi, kama mtu anavyofunika unga wa maandazi.

Kisha majalada yakaanza kuamka, kila siku mawili, matatu. Mtu anakuja dirishani Dodoma na barua yake, jalada lenyewe liko kwenye stoo ya Dar es Salaam chini ya katoni arobaini. Masjala ina dawa ya dharura kwa hali hiyo: unafungua jalada la muda. Unaweka folio namba moja, unaandika kubwa kwenye kava kwamba ni la muda, siku la asili likipatikana unayaunganisha. Dawa nzuri kwa wiki mbili. Sisi tuliitumia miaka. Yako majalada ya muda niliyoyafungua kwa mkono wangu mwaka 2017 na nikastaafu nikiyaacha ya muda. Mtumishi mmoja akawa na majalada mawili katika miji miwili, moja likisema alipandishwa cheo, jingine halina habari hiyo. Bosi wa Dodoma anaandika dokezo juu ya hili, bosi wa Dar anaandika juu ya lile, na wote wawili ni wakweli.

Waheshimiwa, hilo la majalada mawili ndilo nililoandikia barua hii.

Baada ya kustaafu nilijenga vyumba vichache upande wa Ihumwa, si mbali na Mji wa Serikali pale Mtumba. Nilidhani nitapangisha kwa watumishi. Nikapata wageni wa siku mbili tatu: watu waliokuja kufuatilia. Mnaijua kazi hiyo? Kufuatilia. Nchi nzima ina watu ambao kwa wiki mbili za mwaka wao kazi yao ni kufuatilia. Wanakuja na bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni, na usiku wanailalia chini ya mto.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Tunduru, mjane wa mtumishi. Alikuwa amepita Songea, Makambako, Iringa, siku mbili barabarani. Akanisalimia, "Shikamoo mama," akauliza bei ya chumba kabla hajaketi. Asubuhi akaenda getini. Saa tano alikuwa amerudi.

"Vipi mwanangu?"

"Wamesema mhusika yuko Dar kikazi. Na jalada yuko nalo yeye."

Akakaa siku tatu akingoja. Siku ya nne akaamua amfuate huko huko. Akaondoka na basi la asubuhi, begi lake dogo akaniachia kama amana, kuonyesha kwamba atarudi. Dar es Salaam, kwenye jengo la zamani, mlinzi akamwambia wizara imehama siku nyingi, kuna ofisi ndogo tu ghorofa ya pili. Ofisi ndogo wakamwambia mhusika alikuwepo, ameondoka jana na treni kurudi Dodoma. Walipishana, labda Morogoro. Aliporudi kwangu alikuwa anacheka kile kicheko cha mtu asiyekuwa na njia nyingine. Mhusika alimpata, tena mtu mwema kabisa, akamsikiliza. Kumbe jalada alilokuwa nalo ni la muda. Hati ya ajira ya marehemu ilikuwa kwenye lile la asili.

Wizara siitaji, maana kwa nijuavyo ingeweza kuwa yoyote. Mhusika simlaumu. Alikuwa Dar es Salaam kwa sababu kikao kilikuwa Dar es Salaam.

Sasa naomba nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1973 TANU ilipoulizana kuhusu kuhamia Dodoma, haikuwa "ndiyo" ya makofi. Matawi 1,859 yalipiga kura, 1,017 yakakubali, 842 yakakataa. Karibu nusu ya chama walisema hapana. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo huo, ikapewa miaka kumi ya kukamilisha kazi. Miaka kumi ikawa zaidi ya arobaini. Vita vya Kagera vilikula fedha, mafuta yakapanda, uchumi ukayumba, na nadhani pia ilikuwepo sababu ambayo hakuna aliyeiandika kwenye dokezo: wakubwa walikuwa na nyumba Oysterbay, na upepo wa bahari hauhamishiki. Bunge lilitangulia mwaka 1996, wizara zikabaki. Ikawa kila kikao cha Bunge mafaili yanapanda barabara ya Morogoro kwenye magari ya Serikali na kurudi nayo. Zamani hizo ofisi ndogo ilikuwa hapa Dodoma! Chumba na meza mbili kwa ajili ya kipindi cha Bunge. Leo ofisi ndogo iko Dar es Salaam. Kibao kimehama, mtindo ni ule ule.

Halafu ikaja Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli akatamka hapa hapa Dodoma kwamba Serikali inahama, na kweli ikahama. Waziri Mkuu alitangulia mwaka huo huo. Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na Septemba ya mwaka huo Bunge likatunga sheria ya kuitangaza makao makuu ya nchi, kwa hiyo hakuna tena wa kulifuta jambo hili kwa tamko la jukwaani. Mtumba ikazinduliwa 2019. Kiapo cha urais cha Novemba 2020 kilifanyika Uwanja wa Jamhuri. Mwaka 2023 Rais Samia akafungua Ikulu ya Chamwino. Kwa upande wa majengo na sherehe, makao makuu yapo na yanapendeza. Sina ugomvi hapo.

Lakini mji mkuu una kazi nyingi, na kazi hizo hazipandi fuso moja. Ni kiti cha Serikali. Ni mahali pa kutungia sheria. Ni mahali pa kupokelea mabalozi. Mahali pengine ndiyo soko kuu na benki kuu na bandari, mahali pengine siyo. Na kwa mwananchi wa kawaida ni mlango wa mwisho: umeshindwa kijijini, umeshindwa wilayani, umeshindwa mkoani, sasa unakwenda "juu". Kwenye hotuba za kuhamia Dodoma nimesikia sana habari ya kiti na majengo. Habari ya mlango wa mwisho nimeisikia mara chache.

Dar es Salaam haikuwekwa kwa ajili ya mlango huo, na tusiilaumu. Sultani Majid wa Zanzibar aliianza miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima kwa sababu ya ghuba yake tulivu. Wajerumani walikaa kwanza Bagamoyo, wakahamia Dar mwaka 1891 kwa sababu Bagamoyo kina chake cha maji ni kifupi, meli kubwa zinatia nanga mbali. Mji mkuu ulifuata kina cha maji. Kazi yake ilikuwa kupokea kilichotoka bara na kukipakia. Reli waliyoianza 1905 ilifika Dodoma 1910, Kigoma 1914, na mchoro wake unaeleza mambo wazi: njia moja ya kushusha mali baharini. Kiti cha Serikali kilikuwa kimetazama bahari, mgongo kwa wananchi. Uamuzi wa 1973 ulikuwa kukigeuza kiti. Wazo hilo nililiamini nikiwa msichana na bado naliamini. Dodoma kuwa katikati maana yake ilikuwa mtu wa Kigoma, wa Mtwara, wa Mara na wa Mbeya wachoke karibu sawa.

Lugha yetu yenyewe imeshasema. Wenzetu wana mji mkuu. Sisi, Dodoma tumezoea kuiita makao makuu, na makao yametokana na kukaa. Asiyekaa ana kituo.

Mtaniambia mbona nchi nyingi zina miji miwili na zinaishi. Ni kweli, na zinafaa kutazamwa kwa makini, maana haziishi kwa namna moja. Afrika Kusini ina mitatu tangu mapatano ya 1910: Serikali Pretoria, Bunge Cape Town, Mahakama ya Juu ya Rufani Bloemfontein. Ni gharama, mawaziri wana nyumba mbili, na jengo la Bunge lilipoungua Januari 2022 mjadala wa kulihamisha ukaibuka upya. Lakini angalau kila mji unajua kazi yake. Mwenye rufaa haambiwi aende Cape Town akamwulize mlinzi. Malawi walifanya kinyume chetu. Serikali ilitoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975, Bunge likabaki Zomba mpaka 1994. Nigeria waliamua Abuja mwaka 1976, wakahama rasmi Desemba 1991, Lagos wakaiachia biashara yake, nayo haikufa. Ukiitazama leo imezidi kuvimba. Na ipo Côte d'Ivoire, ambayo ndiyo ninayoiogopa. Yamoussoukro ni mji mkuu kwa sheria tangu 1983, ina basilika kubwa na barabara pana, lakini wizara na balozi zikabaki Abidjan. Majirani zetu Burundi nao walipitisha Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa Januari 2019, Bujumbura ikabaki ya kiuchumi. Sijui kama wamejiuliza habari ya majalada.

Kwa hiyo siombi Dar es Salaam ifungwe. Nani atahamisha bandari? Mzigo wa Kongo, Zambia, Rwanda na Burundi unapita pale, na mji una watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, wakati Jiji la Dodoma lilikuwa na kama 765,000. Shughuli za meli, forodha na bima zikae Dar na wenye madaraka nazo wakae Dar. Balozi nyingi bado ziko Dar, na sioni ubaya wa balozi kupanda treni kumfuata Waziri. Yeye ana nauli. Hata ofisi ndogo siichukii kwa jina lake. Ninachokichukia ni ofisi ndogo isiyo na sahihi.

Hapo ndipo penye ombi langu, na nitalisema kwa lugha ya ofisi ili lisipotee. Kila ofisi ndogo iliyopo Dar es Salaam ipewe mamlaka ya kumaliza mashauri fulani, yaliyoorodheshwa, na afisa mwenye sahihi na mhuri aliyekaa pale moja kwa moja. Au ifungwe. Ofisi inayopokea barua ili kuituma Dodoma inafanya kazi ya posta, na posta tunayo. Na kwa upande wa Dodoma, shauri likifunguliwa Mtumba limalizike Mtumba. Mhusika akisafiri, awepo wa kukaimu mwenye jalada mkononi. Jalada lisisafiri kwenye begi la mtu. Zamani karani ukiruhusu jalada litoke jengoni bila kuliandika kwenye kitabu ulikuwa unaandika barua ya kujieleza, nami nimeziandika mbili.

Naijua hoja mtakayonijibu: siku hizi kuna ofisi mtandao, dokezo linapita kwenye kompyuta, mji hauna maana tena. Ninaufurahia mfumo huo, nimeona barua iliyokuwa inachukua mwezi ikijibiwa siku mbili. Lakini mfumo unaona kilichoingizwa. Mtumishi aliyeajiriwa 1989 na kufariki akiwa kazini, barua yake ya ajira ni karatasi nyembamba iliyopigwa chapa kwa mashine, ina kutu ya pini kwenye kona. Iko kwenye katoni. Katoni iko stoo. Kuiskani kwanza lazima mtu ashuke stoo akaitafute, na stoo haina posho. Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, na tunacho Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu hapa hapa Dodoma, kilichowekwa mahususi kupokea majalada yaliyolala. Kila wizara iliyoacha stoo Dar es Salaam ipewe tarehe: zifunguliwe, zichambuliwe, ya muda yaunganishwe na ya asili, yanayostahili yaje kituoni. Ni kazi ya makarani kumi na lori, mwaka mmoja hivi kwa wizara. Wastaafu tupo. Mimi binafsi naweza kuwaambia katoni zangu zilipo hata nikiwa nimefumba macho, kama panya wamezistahi.

Kwa kuwa nimetaja posho, niseme tu. Vikao. Wizara iko Dodoma, wajumbe wote wako Dodoma, kikao kinaitwa Morogoro. Au Kibaha. Kila mtumishi anajua kwa nini na hakuna anayelisema mbele ya mkaguzi: ukitoka nje ya kituo chako cha kazi unalipwa posho ya kujikimu, ukikutana ofisini kwako unapewa chai. Nami nimekwenda na nimesaini, sijifanyi malaika. Lakini nilipokuwa nasaini upande ule wa meza sikumwona mjane wa Tunduru. Sasa namwona, alikaa chumba cha pili kutoka mlangoni.

Treni ya umeme ilipofika Dodoma Julai 2024 tulishangilia, na ni haki yake. Dar mpaka Dodoma chini ya saa nne. Barabara hii nimeipita nikitumia siku nzima na gari kuharibika Gairo. Ila imekuja na jambo lake. Zamani bosi akienda Dar alikaa wiki kwa sababu safari inachosha. Sasa anakwenda Jumatatu, anarudi Jumanne, anakwenda tena Alhamisi. Kusafiri kumekuwa rahisi kiasi kwamba hakuna haja ya kuamua mtu anakaa wapi. Mwananchi anayefuatilia hapandi treni hiyo kila siku. Anapanda basi, na anahesabu.

Kuhusu Mtumba yenyewe nina maneno machache. Mpango mkuu wa mji uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto mwaka 1976 uliwatanguliza waenda kwa miguu na mabasi, gari dogo likaja nyuma. Leo Mji wa Serikali uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji, barabara zake ni pana na nzuri, na mtu akishushwa na daladala anaanza kutembea juani kutoka wizara hadi wizara akiuliza. Miti imepandwa, itakua. Mpaka ikue, wekeni banda lenye mabenchi, maji ya kunywa na choo, na mtu mmoja mwenye orodha anayejua shauri la mirathi liko jengo gani na la ardhi liko jengo gani. Ule mlango wa mwisho uwe na kizingiti cha kukalia.

Na maji. Mgogo mwenyeji atakwambia jina la mji limetokana na idodomya, yaani palipozama, tembo alizama kwenye tope. Yaani palikuwa na tope! Sisi tunaishi kwa visima vya Mzakwe na mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kila wizara iliyohamia ilikuja na familia na mabomba yake. Kwa mgao wa mtaani kwetu mimi huamka saa tisa usiku kujaza tanki, nikiota kwamba Bwawa la Farkwa limekamilika. Wenyeji walioondoshwa mashambani kupisha viwanja wamevumilia mengi tangu enzi za CDA, ambayo ilivunjwa Mei 2017 malalamiko ya ardhi yakiwa yamejaa. Wao pia wana majalada. Yale ya CDA yalirithiwa na halmashauri, na ningependa sana kujua kama yote yalihesabiwa siku ya makabidhiano.

Lipo pia la ndugu zetu wa Zanzibar, ambalo huku bara tunalisahau. Kwa mambo ya Muungano makao makuu yao ni Dodoma kama sisi. Zamani Mzanzibari mwenye shauri la Muungano alipanda boti bandarini Malindi, Unguja, asubuhi, akamaliza shida Dar, akarudi na boti ya jioni akala kwake. Leo ni boti, kisha treni au basi, kisha chumba cha kulala kwa mtu kama mimi. Kama ziko ofisi ndogo zinazostahili kupewa sahihi kabla ya nyingine zote, ni zile zinazoshika mambo ya Muungano, na pengine mahali pake si Dar bali Unguja na Pemba kwenyewe.

Yule mama wa Tunduru begi lake bado liko kwangu. Alikwenda kwao kulima, akasema nimtunzie, maana ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu wakati jalada la asili "linafuatiliwa". Safari hii ofisi ndiyo inayofuatilia, amesema, yeye amepumzika. Miezi mitatu itaisha mwishoni mwa mwezi huu. Chumba nimemwekea. Kama kuna mtu katika ninyi anaweza kumwambia kabla hajapanda basi ashukie Dodoma au apitilize Dar es Salaam, namba za simu za mama huyo ziko kwenye jalada lake, folio ya kwanza, juu kulia.

Naomba kuwasilisha.

Karani wa Masjala (Mstaafu)
Ihumwa, Dodoma

Nakala: Jalada.
Nakala: Jalada la muda.